PICHA YA NYOTA UKUTANI

Mazungumzo ya redio ya asubuhi
Somo: Zaburi 147, mstari wa 3 na wa 4

 

Tunapozitembelea nyumba za Wakristo twaona ukutani kalenda ya kanisa, picha ya arusi, na pengine picha ya Mchungaji Mwema na kondoo wake. Sasa, kando ya hizo, twaanza kuona picha ya namna nyingine, imetiwa fremu na kioo: mawingu makubwa yenye rangi nyingi, na nyota zimetawanyika kama mchele uliomwagika mkekani. Hizo ni picha zilizopigwa na darubini zilizorushwa angani. Nasi tumeulizwa maswali matatu. Je, picha hizi ni za kweli? Je, yafaa Mkristo kuzitundika? Na la tatu huulizwa kwa sauti ya chini: ikiwa ulimwengu ni mkubwa hivi, Mungu atanikumbuka mimi?

Tuanze na la kwanza. Ukitazama jiwe chini ya maji yanayopita katika mfereji, waliona likitikisika, lakini jiwe limetulia. Kinachotikisika ni maji. Hewa yetu huufanyia mwanga wa nyota vivyo hivyo. Ndiyo sababu wataalamu walizipeleka darubini juu ya hewa. Darubini iitwayo Hubble ilirushwa mwaka 1990. Nyingine kubwa zaidi, iitwayo James Webb, ilirushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, nayo hukaa mbali nasi kilomita kama milioni 1.5.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya nchi za mbali tu. Ukishuka kwa basi kupitia Garsen kwenda Malindi, upande wa bahari kuna Ngomeni, ambako Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, chombo cha Marekani kilirushwa kutoka hapo, nacho kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, na wataalamu wakapata orodha ya vitu 339 vinavyozitoa. Basi pwani yetu imo katika habari hii.

Picha ijulikanayo sana huitwa Nguzo za Uumbaji. Hubble iliipiga mwaka 1995, na James Webb ikazipiga nguzo hizo hizo tena mwaka 2022. Ni minara ya gesi na vumbi, na ndani yake nyota mpya hufanyika. Mwanga hukimbia kilomita kama 300,000 kwa sekunde moja, hata hivyo mwanga wa nguzo hizo husafiri miaka kama 6,500 kabla ya kutufikia.

Na rangi zake? Hapa wengine husema tumedanganywa. Ukweli ni kwamba kamera ya Hubble ilipiga picha nyeusi na nyeupe, kila moja kwa kichujio chake. Kisha wataalamu wakatia rangi ili kutenganisha vitu: nyekundu kwa salfa, kijani kwa haidrojeni, buluu kwa oksijeni. Nayo James Webb huona mwanga ambao macho ya mwanadamu hayauoni kabisa. Basi picha hizi ni kama ramani. Katika ramani mto Tana umetiwa buluu, hali sisi tunaoyateka maji yake twajua kwamba ni mekundu kwa udongo. Je, ramani imesema uongo? La. Mto uko, na mahali pake ndipo. Vivyo hivyo nguzo ziko, ila usitazamie kuziona kwa macho yako katika rangi hizo.

Swali la pili. Kumbukumbu la Torati 4:19 yatuonya tusije tukainua macho, tukaona jua, mwezi na nyota, tukavisujudia. Onyo hilo ni la kuabudu, si la kutazama. Wazee wetu wa pwani walikitazama Kilimia ili wajue majira ya kulima, na jina hilo hilo limo katika Biblia yetu, Ayubu sura ya 38. Basi itundike picha yako bila hofu. Lakini usiitazamie ikulinde nyumba, wala usiitundike ili jirani ajione maskini. Na usiku taa zizimwapo, watoe watoto nje uwaonyeshe nyota zenyewe. Hizo hazihitaji fremu.

Sasa lile swali la tatu. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwaka 2024, mto wetu ulifurika, na watu wengi wa bonde hili wakaacha nyumba na mashamba. Mtu aliyelala chini ya turubai na watoto wake, akionyeshwa picha ya nyota zisizohesabika, aweza kusema: Mungu ana shughuli kubwa, mimi ni nani? Daudi naye aliliuliza jambo hilo katika Zaburi ya 8.

Tazameni jinsi somo letu la leo linavyojibu. Mstari wa 4 wasema kwamba Mungu huzihesabu nyota na kuzipa majina. Lakini mstari wa 3, uliotangulia, wasema kwamba huwaponya waliovunjika moyo na kuwafunga jeraha zao. Mwandishi hakuona shida kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Mkono ni ule ule.

Picha ya ukutani yaweza kukuonyesha mstari wa 4. Mstari wa 3 haiwezi kukuonyesha, hata darubini ikiwa kubwa namna gani. Huo twauona katika Kristo. Charles Spurgeon, mhubiri wa London, aliyataja maneno hayo, nguzo za uumbaji, katika mahubiri yake ya mwaka 1857. Alikuwa akieleza ajabu ya Yeye azishikaye nguzo hizo kukubali kuwa mtoto mchanga wa kubebwa na mama.

Basi, ndugu, jirani aliyevunjika moyo ataujuaje mstari wa 3? Mara nyingi ni kwa mikono yetu sisi: unga kidogo, siku moja ya kumsaidia kupalilia, kuketi naye. Mgeni aisifupo picha yako, mweleze habari za nyota. Kisha mwulize habari za nyumbani kwake, umsikilize mpaka mwisho.

Tuombe. Ee Mungu uliyeziumba nyota, wajua jina la kila mmoja aliye kando ya mto huu. Wafunge jeraha walioumia, utufanye sisi kuwa mikono yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.