Mkate wa nyama: Rangi ya juu isikudanganye

JUMAPILI moja jioni nilijitolea kupika. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka mashambani kututembelea, watoto walikuwa wamelalamika wiki nzima kuhusu sukuma wiki, nami nikataka kuonyesha kwamba daktari pia anaweza kushika mwiko. Nilichanganya kilo moja ya nyama ya kusaga, nikaishindilia ndani ya mkebe wa kuokea mkate, nikauingiza katika oveni. Dakika 35 baadaye stima zikapotea mtaa mzima.

Tulikaa gizani karibu saa nzima tukingoja. Hatimaye nilifungua oveni kwa tochi. Mkate ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia juu, na harufu yake ilikuwa imewaleta watoto wote mezani. "Mwanangu, si hiki kimeshaiva? Tupakulie tule," mama akasema. Nilichoma kisu katikati, nacho kikatoka kimepakwa nyama mbichi yenye uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Msomaji, chakula kile kilikuwa na hatari kubwa zaidi wakati huo kuliko kilipokuwa kibichi ndani ya friji. Nitaeleza kwa nini, kwa maana mlo huu umeingia katika nyumba nyingi za mijini na mapishi yake huandikwa bila onyo lolote.

Mkate ninaouzungumzia si ule mkate mayai wa Mombasa ambao kima na yai hufungiwa ndani ya unga mwembamba. Ni bonge la nyama ya kusaga iliyochanganywa na mayai, vitunguu na makombo ya mkate, likaokwa na kukatwa vipande kama mkate wa kawaida. Wamarekani ndio walioupa umaarufu, hasa katika miaka ya 1930 uchumi wao ulipoporomoka na kila mama alitafuta njia ya kuifanya nyama kidogo itoshe watu wengi. Sababu hiyo ingali nzuri hata leo. Kilo moja ya nyama hapa hulisha watu wanane bila manung'uniko.

Kusaga hubadilisha mambo

Mtu aliyezoea kula steki isiyoiva sana ndani huniuliza: kama steki hainidhuru, mbona unanitisha na nyama ya kusaga? Jibu ni hili. Ng'ombe mwenye afya hubeba tumboni mwake viini vya aina nyingi visivyomdhuru yeye mwenyewe. Wakati wa kuchuna ngozi na kutoa matumbo, baadhi ya viini hivyo hurukia nyama. Katika kipande kizima hubaki juu, na moto wa kikaango huvifikia mara moja. Mashine ya kusagia huchukua kile kilichokuwa juu na kukitia ndani. Tena mara nyingi huchanganya nyama ya ng'ombe zaidi ya mmoja, hivyo kipande kimoja kibaya huweza kuchafua beseni nzima.

Kiini kinachotutia hofu zaidi sisi madaktari ni E. coli aina ya O157:H7. Kuna E. coli nyingi zinazoishi matumboni mwetu bila madhara, lakini hii hutoa sumu inayoharibu mishipa midogo ya damu. Mwaka 1993, magharibi mwa Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua baada ya kula baga zisizoiva vyema, na watoto 4 wakafariki. Mwaka uliofuata serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku uuzaji wa nyama mbichi ya kusaga iliyopatikana na kiini hicho. Mkate wa nyama ni baga kubwa tu, na ukubwa wake ndio tatizo, kwa sababu moto huchukua muda mrefu kufika katikati.

Yuko pia tegu, mnyoo ambaye watoto wake hujificha ndani ya misuli ya ng'ombe kama punje ndogo nyeupe. Mkaguzi wa nyama huweza kuwaona katika mzoga. Wewe, nyama ikishasagwa, huwezi kuona kitu.

Ndiyo maana nashauri ununue kipande kizima katika bucha ambayo mizoga yake ina muhuri wa mkaguzi, uondolewe mafuta yaliyozidi, kisha kisagwe ukitazama. Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: nyama ya kwanza kutoka mashineni imebeba mabaki ya mteja aliyekutangulia. Nenda asubuhi mashine ikiwa imeoshwa, au omba ile konzi ya kwanza iwekwe kando. Mwuza nyama atakununia kidogo, lakini atakuzoea. Wala usichague kwa wekundu pekee. Mnamo Julai 2019 uchunguzi wa televisheni humu nchini ulizua hofu kubwa kuhusu kemikali iitwayo sodiamu metabaisalfaiti kutiwa nyama madukani ili ionekane mbichi. Kemikali za jamii hiyo zinaweza kumletea mwenye pumu shambulio la ghafla.

Nyama ya kusaga ikifika nyumbani, itumie siku hiyo au kesho yake. Ikiwa huwezi, igandishe, na siku ya kupika iache iyeyuke ndani ya friji usiku kucha badala ya kuiweka juu ya meza.

Namna ninavyoupika

Kwa kilo moja ya nyama natumia mayai mawili, kikombe kimoja cha oti au vipande vitatu vya mkate vilivyolowekwa katika maziwa kidogo, vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo sana, karoti mbili zilizoparwa, pilipili hoho, kitunguu saumu na dania. Kwa wenye shinikizo la damu nyumbani, natoa robo ya nyama na kutia kamande zilizochemshwa na kupondwa. Hakuna aliyewahi kulalamika, na wawili hawajawahi kugundua.

Chumvi ni kijiko kimoja cha chai tu kwa mkate mzima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nacho kijiko hicho kina kiasi kama hicho. Kikigawanywa kwa watu wanane, kila mmoja hupata kidogo. Wapishi wengi hukosea wanapoongeza vile vidonge vya mchuzi, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi, kisha wakamimina sosi ya nyanya ya chupa ambayo nayo ina chumvi na sukari. Mimi huchemsha nyanya mbichi na kitunguu mpaka ziwe nzito, nikazipaka juu dakika 20 za mwisho.

Usionje mchanganyiko mbichi. Nimewaona akina mama wenye ujuzi wa miaka mingi wakilamba kidole ili kupima chumvi. Kaanga donge dogo katika kikaango, ulionje hilo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa bomba, mlango wa friji au simu. Na hapa niongeze jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko mkate wenyewe: kachumbari. Nyanya na vitunguu vyake haviguswi na moto. Vikikatwa juu ya ubao uleule uliobeba nyama, au kwa kisu kilekile, basi hata ukiuoka mkate wako saa tatu utakuwa umewalisha wageni viini hivyo kwa mlango wa nyuma. Tengeneza kachumbari kwanza, uifunike, ndipo uguse nyama.

Oveni iwe nyuzi 180 za Selsiasi. Mkate wa kilo moja huchukua saa moja na robo hivi, lakini muda huu ni wa kukadiria tu. Oveni zetu hutofautiana, nyama iliyotoka kwenye friji huchelewa, na unene ndio wenye neno la mwisho. Ukiongeza unene maradufu, muda wa moto kufika katikati huweza kukaribia mara nne. Kwa hiyo nimeacha kabisa kuoka bonge moja. Naligawanya liwe mikate miwili ya nusu kilo, na katika dakika 50 hivi kazi huwa imekwisha.

Kipimo cha kweli ni joto la katikati, nalo lifike nyuzi 71. Kipimajoto cha nyama, chenye ncha kama msumari, hupatikana katika maduka ya vyombo vya jikoni mijini. Kichome mpaka katikati kabisa bila kugusa bati. Ukitaka kujua kama kinasema kweli, kitie katika maji yenye barafu nyingi, kisome sufuri. Ukikitia katika maji yanayochemka Nairobi usishangae kikisoma 94 hivi badala ya 100, kwani huku juu maji huchemka mapema kuliko Mombasa. Hakijaharibika.

Rangi si shahidi wa kuaminika. Nyama nyingine hugeuka kahawia kabla ya kufika joto linaloua viini, na nyingine hubaki na wekundu kidogo hata baada ya kuiva, hasa ikiwa na vitunguu vingi. Asiye na kipimajoto na aoke mikate midogo, aongeze dakika 15 juu ya muda wa kawaida, kisha akate katikati na kuangalia kama mvuke unatoka na maji ya nyama hayana damu. Mkate wa nyama huvumilia kuiva kupita kiasi, mayai na oti huuzuia kukauka. Ukishatoka, upumzishe dakika 10 kabla ya kuukata.

Asiye na oveni asikate tamaa. Mkebe uliofunikwa vizuri kwa karatasi ya foili unaweza kuwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, ukapikwa kwa mvuke saa moja na nusu. Ongeza maji yakipungua. Rangi haitavutia sana, ila ndani utaiva.

Stima zikipotea

Sasa turudi gizani. Viini huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60, na katikati ya mkate wangu palikuwa hapohapo. Baadhi ya viini, vikishazaana, huacha sumu isiyoharibiwa na moto wa baadaye. Kwa hiyo kusema "tutaurudisha oveni stima zikirudi" ni kubahatisha. Stima zikipotea, usingoje kama nilivyongoja. Toa mkate mara moja, ukate vipande vyembamba vya unene wa kidole, ukavimalizie kwenye gesi au jiko la makaa ndani ya mchuzi wa nyanya unaochemka kwa dakika 15. Ikiwa umekaa katika hali ya uvuguvugu zaidi ya saa mbili, utupe. Ulikuwa haujafika saa mbili ule wetu, tukaukata, tukala saa tatu na nusu usiku, na mama bado hunikumbusha.

Masalio nayo yaingie friji kabla ya saa mbili kwisha, na yaliwe ndani ya siku tatu au nne yakiwa yamepashwa moto mpaka yafuke mvuke. Kipande baridi ndani ya mkoba wa shule tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba mchana, hapana. Mpe mtoto kitu kingine.

Kuhusu wingi, wataalamu wa saratani hushauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa mtu mzima kwa wiki. Vipande viwili vya mkate huu Jumapili havina ubaya, na vina madini ya chuma ambayo watoto na akina mama wengi wanayahitaji.

Ukiona damu

Dalili za E. coli hii kwa kawaida huanza siku 3 au 4 baada ya kula: tumbo kukata vikali, kuhara, kisha kuhara damu. Homa huweza kuwa kidogo au isiwepo. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki moja. Lakini asilimia 5 hadi 10 ya wanaogunduliwa kuwa na kiini hiki, hasa watoto walio chini ya miaka 5, hupatwa na shida ya figo wiki moja hivi baada ya kuanza kuhara, mara nyingi kuhara kwenyewe kukiwa kumepungua na wazazi wameshapumua. Mtoto hupauka, hulegea, mkojo hupungua au hukatika. Baadhi huhitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Kuhara damu kuna sababu nyingine nyingi hapa kwetu, zikiwemo amiba na shigela, na kila moja ina tiba yake. Dawa inayomponya mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Viuavijasumu huenda vikamwongezea hatari ya figo mgonjwa wa E. coli hii, na vidonge vya kufunga tumbo huizuia sumu kutoka. Kwa hiyo usikimbilie duka la dawa kununua vidonge kwa kukisia. Mpe mtoto maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, umpeleke hospitalini siku hiyohiyo na uombe choo kipimwe. Ukifika, usimweleze daktari chakula cha jana peke yake. Mweleze mtoto alikula nini, na wapi, siku zote tano zilizopita.