Mtu Mmoja, Kura Tatu: Uchaguzi wa 1957 na Watu wa Ng'ambo ya Mombasa

Mtu akitaka kiti katika Bunge la Kaunti ya Mombasa siku hizi, hupita Likoni, Kisauni na Changamwe akiomba kura kwa kila amkutaye: mvuvi, mama mwenye genge la mboga, kijana aliyemaliza shule juzi. Haulizi mtu apata mshahara gani, wala hatazami cheti chake. Mbele ya sanduku wote ni sawa, maana kila mmoja ana kura moja tu. Jambo hili tumelizoea hata twalidhani limekuwako tangu zamani. Sivyo. Wako wazee wetu ambao watu wazima wa siku zao walipimwa kwanza, kisha wakaambiwa uzito wao.

Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, Bw. Eliud Mathu, aliteuliwa na Gavana mwezi wa Oktoba, 1944. Wengine walimfuata, lakini nao waliteuliwa. Hapana aliyeingia kwa kura za watu. Mwezi wa Machi, 1957, ndipo Waafrika walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Pwani yote, tangu Lamu mpaka Vanga, na kupanda Taita mpaka Taveta, ilipewa kiti kimoja. Wazungu, Wahindi na Waarabu walikuwa na viti vyao na madaftari yao mbali.

Sheria ya kupiga kura ilitokana na uchunguzi wa Bw. Walter Coutts, ambaye Serikali ilimtaka atoe shauri juu ya namna ya kuwachagua wajumbe wa Kiafrika. Ilikubaliwa kwamba si kila mtu mzima atapiga kura. Ilimpasa awe na sifa zilizotajwa: elimu ya kiasi fulani, au kipato cha pauni 120 kwa mwaka, au mali ya thamani ya pauni 500, au utumishi wa muda mrefu, au umri na heshima ya uzee. Aliyekuwa na sifa moja alipata kura moja. Aliyekuwa na zaidi aliongezewa, mpaka kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa zaidi ya hayo kuonyesha hati ya uaminifu kwa Serikali, kwa sababu ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Tuipime sheria hiyo kwa mfano wa nyumbani. Pauni 120 kwa mwaka ni shilingi 200 kwa mwezi. Tuseme Changamwe palikuwa na majirani wawili, ukuta kwa ukuta. Mmoja ni karani, amesoma, mshahara wake watosha, na amefanya kazi miaka mingi. Huyu huenda alishika kura tatu. Wa pili ni kibarua wa bandari ya Kilindini, abebaye magunia mchana kutwa, na fedha zake hazifiki kiasi kile. Huyu hakuwa na hata moja. Walakini kodi walilipa wote wawili, na sheria zilizotungwa Nairobi ziliwafunga wote wawili. Tukumbuke pia kwamba makuli hao ndio waliogoma Kilindini mwezi wa Machi, 1955, hata kazi za meli zikasimama. Hawakuwa watu wasio na neno la kusema. Ni daftari tu lililokuwa halina mahali pao.

Elimu nayo haikugawanyika sawasawa. Kisauni palikuwa na kijiji cha Freretown, kilichoanzishwa na wamisheni mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na tangu hapo kalamu na kitabu havikuwa vitu vigeni huko. Lakini mkulima wa minazi nyuma ya Likoni, ambaye shule haikumfikia alipokuwa mtoto, angeonyesha cheti gani? Basi mtu aliyekosa shule kwa kuwa hapakuwa na shule, alikosa na kura ya kumpeleka mjumbe ambaye angemwombea shule. Mduara huo ndio uliokuwa ubaya mkubwa wa sheria ile.

Katika hali hiyo Bw. Ronald Ngala alisimama kuomba kiti cha Pwani. Alikuwa Mgiriama, aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma Alliance na Makerere, akawa mwalimu. Aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton mjini Mombasa. Hakuwa na chama cha nchi nzima nyuma yake, maana vyama vya namna hiyo vilikuwa vimekatazwa. Tangu 1955 viliruhusiwa vya wilaya tu. Kwa hiyo mgombea alitegemea jina lake, kazi yake, na jinsi watu walivyomjua.

Hapo palikuwa na mtihani wa mgombea yeyote wa mwaka ule. Angeweza kuhesabu wenye kura tatu akawaendea hao peke yao, akamwacha mkulima na kibarua. Lakini kiti kilikuwa cha watu wote wa Pwani, wenye kura na wasio na kura. Bw. Ngala alishinda. Huko Nairobi Bw. Tom Mboya alimshinda Bw. Argwings-Kodhek, na Bw. Mathu mwenyewe akaangushwa na Bw. Bernard Mate.

Wajumbe wanane hawakuridhika na viti walivyopewa. Walikataa kushika uwaziri, wakadai viti zaidi. Mwaka uliofuata, 1958, viti sita viliongezwa vikawa kumi na vinne, na Mombasa ikapata kiti chake. Aliyekishinda ni Bw. Francis Khamisi, aliyekuwa zamani mhariri wa gazeti la *Baraza*. Mwaka 1961 masharti ya kura yalilegezwa sana. Mwezi wa Mei, 1963, kila mtu mzima, mwenye cheti na asiye nacho, alisimama mstari mmoja. Tarehe 12 Desemba mwaka huo Kenya ikawa huru. Bw. Ngala aliongoza chama cha KADU, baadaye akawa waziri, akafariki tarehe 25 Desemba, 1972, kwa majeraha ya ajali ya motokaa.

Sasa tutazame tulipo. Bunge la Kaunti ya Mombasa, lililoanza kazi mwaka 2013 kwa Katiba ya 2010, lina wadi 30 za kuchaguliwa. Katika hizo, tano ni za Mvita kisiwani, 25 ni za bara: Kisauni saba, Changamwe, Likoni na Nyali tano tano, Jomvu tatu. Palipokuwa na kiti kimoja kwa Pwani nzima, leo mtu wa Mtongwe ana mjumbe wake na mtu wa Chaani ana wake. Wajumbe hao hupitisha makadirio ya fedha za kaunti, hutunga sheria zake, na humwangalia gavana asifuje mali ya watu.

Basi mgombea ajapo mlangoni, tusimpime kwa leso na fulana anazogawa, wala tusimwimbie sifa kabla ya kazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumwulize atafanya nini juu ya maji, zahanati na njia zetu, kisha tumwulize tena akishaketi kitini. Na aliye na shilingi mia mkononi za kununua kura yako, mkumbushe kwamba palikuwa na wakati ambapo kibarua wa Kilindini hakuweza kuipata kura hiyo kwa jasho la mwaka mzima. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi.