NDIMU HAIKAUSHI DAMU
Matunda makali ya msimu katika chakula cha familia



Masika yakiisha na upepo wa kusi ukianza kuvuma, masoko yetu hubadilika sura. Huo ndio msimu mkubwa wa machungwa. Malori hupakia mzigo Muheza na kuupeleka Dar es Salaam, Arusha, hata Mombasa na Nairobi. Machungwa matamu hayakosi wanunuzi. Lakini wapo ndugu zake ambao mara nyingi huachwa waoze chini ya mti: madanzi, malimau ya kienyeji yenye ganda la makunyanzi, mabalungi, mafurungu na makangaja. Watu husema ni makali mno, hayaliki. Mwezi huu tunataka kuyatetea matunda hayo, maana yana kazi kubwa katika sufuria na katika damu zetu.

MANENO YANAYOUMIZA AKINA MAMA

Ni jambo la kawaida kumwona mama mjamzito anatamani ndimu. Anakata moja, anaweka chumvi, anataka kulamba. Mama mkwe wake, tena kwa nia njema kabisa, anamwambia: "Mwanangu, acha hizo ndimu, zitakukausha damu." Mama anatii. Pia haweki ndimu kwenye maharage wala kwenye mchicha. Anakula mboga zake, kisha anateremshia na chai ya rangi. Anapofika kliniki anapimwa na kuambiwa damu yake ni pungufu. Nyumbani anaambiwa, "Si nilikuonya?"

Wapendwa, ndimu haikaushi damu. Limau halikaushi damu, wala danzi. Huenda imani hiyo ilitokana na kuona jinsi nyama mbichi inavyopauka ikikamuliwa ndimu. Lakini maji ya ndimu tunayokula hayaendi kuikuta damu katika mishipa jinsi yalivyo. Huingia tumboni, yakasagwa pamoja na chakula kingine. Na huko tumboni hufanya kazi iliyo kinyume kabisa cha hiyo tunayoiogopa.

MATUNDA MAKALI YANASAIDIAJE DAMU?

Ili mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, unahitaji madini ya chuma. Madini hayo tunayapata kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni nyama, maini, kuku na samaki. Chuma cha vyakula hivyo huingia mwilini kwa urahisi. Njia ya pili ni mimea: maharage, kunde, choroko, mchicha, kisamvu, matembele na nafaka. Chuma cha mimea ni kigumu kuingia, na sehemu kubwa hupita tu na kutoka. Familia nyingi za parokia zetu hazili nyama kila siku, kwa hiyo hutegemea hiyo njia ya pili.

Hapo ndipo vitamini C inapohitajika. Hukibadilisha chuma cha mimea kiwe katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea. Lakini lazima vikutane tumboni kwa wakati mmoja. Chungwa ulilokula saa nne asubuhi halitasaidia sana maharage ya saa moja usiku. Chai na kahawa, kwa upande wao, hukishika chuma na kukizuia. Kwa hiyo sahani ya maharage yenye maji ya danzi juu yake, na chai ikangoja saa moja au zaidi, ina faida kubwa kuliko sahani hiyo hiyo ikinywewa na chai.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamependekeza miligramu 45 za vitamini C kwa siku kwa mtu mzima, 55 kwa mjamzito na 70 kwa anayenyonyesha. Chungwa moja la wastani hutosheleza mahitaji hayo ya siku nzima au karibu yake. Ndimu ina kiasi kidogo zaidi, lakini ni rahisi kuitumia kila mlo.

SI HABARI YA JANA

Nguvu ya matunda haya ilionekana hapa hapa pwani yetu zamani. Tarehe 7 Aprili 1498, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, meli za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa. Mabaharia wengi walikuwa wameugua kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba na kuoza ufizi unaotokana na kukosa vitamini C. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, miwa na machungwa na malimau kwa wingi. Mmoja wa wasafiri aliandika kwamba wagonjwa wao walipata nafuu hapo, naye akadhani ni kwa sababu ya hali nzuri ya hewa!

Waliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu 30 wakafa kwa ugonjwa huo. Walipofika Malindi mnamo Januari 1499, walituma mtu nchi kavu kutafuta machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani sana. Kwa baadhi yao msaada ulikuja umechelewa. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwajaribu wagonjwa 12 kwa dawa mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wote. Vitamini C yenyewe ilikuja kutambuliwa na wanasayansi miaka ya 1930.

TUYAFAHAMU MATUNDA YENYEWE

Danzi hufanana na chungwa, ila ganda lake ni gumu na lina mabonde mabonde, na maji yake ni makali yenye uchungu kidogo. Linafaa sana kwa samaki na maharage.

Limau la kienyeji lina ganda nene lenye makunyanzi. Wakulima wengi hulitumia kama shina la kubebeshea mchungwa. Ndiyo maana mtu husema "mchungwa wangu umegeuka": machipukizi ya chini ya kiungo yameachwa yakaushinda mchungwa uliobebeshwa. Machipukizi hayo yakatwe mapema. Lakini kama mti umekwisha kugeuka, usiyatupe malimau yake.

Furungu ni kubwa kuliko yote, huweza kufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Ganda lake ni nene kama sponji, na nyama yake ni tamu yenye ukali kidogo. Balungi ni mtoto wa furungu na chungwa. Lilizaliwa katika visiwa vya Karibiani. Kangaja ni dogo, mfano wa chenza, na ni kali.

Tusidanganywe na rangi. Katika nchi za joto matunda haya huweza kuiva kabisa huku ganda likiwa bado kijani. Chagua lililo zito mkononi kwa ukubwa wake, maana hilo lina maji mengi.

KANUNI NNE ZA JIKONI

1. Vitamini C huharibiwa na moto. Kamua maji ya tunda baada ya kuepua, au mezani.

2. Kamua wakati wa kula. Maji yaliyokaa wazi tangu asubuhi yamepoteza sehemu ya nguvu yake.

3. Usihifadhi maji haya katika sufuria ya alumini, kwani ukali wake hula sufuria. Tumia bakuli la kioo, la udongo au la plastiki.

4. Achari ya ndimu iliyoanikwa juani ni kitoweleo kizuri, lakini imepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo na ina chumvi nyingi. Wenye shinikizo la damu wasiizoee.

MAPISHI

Maharage ya danzi (watu 6)

Mahitaji: maharage vikombe 2, kitunguu 1, nyanya 3, tui la nazi kikombe 1, mafuta vijiko 2 vikubwa, madanzi 2, chumvi.

Namna ya kupika: Loweka maharage usiku kucha. Mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha hadi yaive kabisa. Kaanga kitunguu, tia nyanya, zikilainika tia maharage na chumvi. Mimina tui, koroga hadi lichemke kidogo, kisha epua. Ngoja dakika tano, ndipo ukamulie madanzi na kuchanganya. Kama huna madanzi, tumia ndimu 2 au limau 1.

Samaki wa danzi

Mahitaji: vibua 6 au samaki wengine wa bei nafuu, madanzi 3, kitunguu saumu punje 4, kipande cha tangawizi, pilipili mbichi 1, chumvi.

Namna ya kupika: Safisha samaki na uwachanje. Twanga viungo, changanya na maji ya madanzi mawili, wapake samaki na uwaache nusu saa. Wachome juu ya makaa ya moto wa wastani hadi waive mpaka ndani. Wakiwa sahanini, wakamulie danzi la tatu. Maji yaliyobaki ya kulowekea samaki wabichi yamwagwe, yasiliwe.

Kachumbari ya furungu

Mahitaji: furungu 1, kitunguu 1, tango 1, pilipili kidogo, chumvi kidogo.

Namna ya kutayarisha: Menya furungu, ondoa utando wote mweupe na ngozi ya kila pande, kwa kuwa uchungu uko huko. Vunjavunja nyama yake. Osha kitunguu kilichokatwa kwa chumvi na maji, ukikamue. Changanya vyote na ule hapo hapo, pamoja na ugali na majani ya kunde.

TAHADHARI

Ndimu si dawa ya kutibu upungufu wa damu. Upungufu huletwa pia na malaria, minyoo, kutokwa damu nyingi na magonjwa mengine. Mama aende kliniki, apimwe, ameze vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa. Vidonge hivyo avimeze kwa maji safi au maji ya machungwa, si kwa chai.

Wanaotumia dawa za kila siku wasikilize vizuri. Mwaka 1991 watafiti wa Canada walieleza kwamba maji ya balungi huongeza mno kiasi cha baadhi ya dawa za shinikizo la damu kinachoingia mwilini. Miongoni mwake ni felodipine na nifedipine. Baadaye zikaonekana dawa nyingine, kama simvastatin ya kupunguza mafuta katika damu. Furungu na danzi nayo huweza kufanya hivyo. Nguvu hiyo hudumu zaidi ya siku moja, kwa hiyo kula tunda asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii. Muulize mfamasia au mganga wako kwanza. Usiache dawa kwa ajili ya tunda! Machungwa matamu na machenza hayana tatizo hilo.

Mtoto aliye chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu, asipewe maji ya machungwa. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze matunda makali akiona yanamletea kiungulia. Mwenye kisukari ale tunda zima badala ya kunywa maji yake. Baada ya kula ndimu sukutua kwa maji. Usipige mswaki papo hapo. Nawa mikono pia kabla ya kutoka juani, maana maji ya ndimu yakikutana na jua kali juu ya ngozi huweza kuiunguza. Na kukamulia ndimu katika maji ya kunywa hakuyafanyi kuwa salama. Yachemshwe kwanza.

TUSHIRIKIANE

Wiki hii, wakati wa sala ya jumuiya ndogo ndogo, mwenye mdanzi au mlimau nyumbani abebe kikapu kimoja awagawie jirani, hasa penye mjamzito, anayenyonyesha au mtoto mdogo aliyeanza kula. Na mama mkwe anayesoma ukurasa huu tunamwomba jambo moja. Wewe ndiwe unayesikilizwa katika nyumba hiyo. Leo jioni, maharage yakiepuliwa, chukua ndimu wewe mwenyewe, kata, na umkamulie mkwe wako sahanini. Atakula bila hofu akiona imetoka mkononi mwako.