Timu ikishuka daraja, feza ya kununua wachezaji inatoka wapi?

Kila mwaka, mwisho wa musimu, timu tatu zinashuka kutoka Ligi Kuu ya Uingereza. Wapenzi wa mupira wa Goma, Bukavu ao Bunia wanaona washabiki wakilia ku televizio. Lakini nyuma ya wiki chache tu wanasikia kama ileile timu iliyoshuka imenunua muchezaji kwa milioni kumi. Swali linakuja mara moja: kama wameanguka, hii feza wanaitoa wapi?

Mufano wa majirani wawili unaweza kusaidia kuelewa. Newcastle na Sunderland ni miji ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza, karibu sana mumoja na mwingine. Timu ya Newcastle ilishuka mwaka 2016, ya Sunderland mwaka 2017. Newcastle ilirudi juu nyuma ya mwaka mumoja tu. Sunderland ilipoteza miaka 8 inje ya Ligi Kuu. Wacongomani wanazijua zote mbili: Chancel Mbemba alikuwa muchezaji wa Newcastle wakati iliposhuka, na Noah Sadiki na Arthur Masuaku waliingia Sunderland mwaka 2025, iliporudi.

Parashuti ni nini?

Feza nyingi ya Ligi Kuu inatoka ku televizio. Sehemu moja inagawanywa sawasawa kwa timu zote 20. Timu ikishuka, haikatwi yote siku moja. Mwaka wa kwanza inapata asilimia 55 ya lile fungu, mwaka wa pili 45, mwaka wa tatu 20. Ile iliyokaa juu musimu mumoja tu haipati ya mwaka wa tatu. Na ikirudi juu mapema, malipo yanasimama.

Watu wanaita hii feza malipo ya parashuti, juu inasaidia timu ianguke polepole. Newcastle iliposhuka, ya mwaka wa kwanza ilikuwa karibu pauni milioni 40. Njo maana timu zingine za daraja la pili zinalalamika: wanacheza ligi moja na mutu mwenye mufuko mukubwa kuwapita.

Kwa nini parashuti haitoshi?

Kwanza ni mishahara. Muchezaji alisaini kontra ya miaka 4 ao 5 wakati timu ilikuwa juu. Kushuka daraja hakuvunji kontra. Kama hakuna kipengele kinachosema mushahara utapunguzwa timu ikishuka, club inaendelea kulipa ileile.

Pili ni madeni ya wachezaji walionunuliwa zamani. Mara nyingi club hailipi bei yote siku moja. Inalipa kwa vipande, mwaka kwa mwaka. Ni kusema timu inaweza kuwa mu daraja la pili na bado inalipa wachezaji iliyonunua ili isishuke.

Tatu, wanunuzi wanajua kama uko mu shida, na wanashusha bei.

Newcastle: kuuza, kununua, kurudi

Mu 2016 Newcastle iliuza haraka. Moussa Sissoko alienda Tottenham kwa pauni milioni 30, Georginio Wijnaldum Liverpool kwa milioni 25, Andros Townsend Crystal Palace kwa milioni 13. Ukijumlisha ni milioni 68. Kocha Rafael Benítez alikubali kubaki, na feza ingine ikarudi sokoni: Matt Ritchie alinunuliwa kwa milioni 12, Dwight Gayle kwa milioni 10. Mbemba alibaki. Gayle alifunga mabao 23 mu ligi, na Newcastle ikachukua ubingwa wa daraja la pili mu 2017.

Lakini hesabu haikuwa rahisi. Mapato ya club yalishuka kutoka karibu milioni 126 mpaka karibu 86, na ule mwaka ilipata hasara ya kupita milioni 40, hata kama iliuza vizuri. Kama ingekosa kupanda, mwaka wa pili parashuti ingekuwa ndogo na wachezaji wa kuuza kwa bei kubwa wangekuwa wamekwisha. Newcastle iliweka feza yote ku jaribio la kwanza, na likafaulu.

Sunderland: kontra zilifunga mikono

Sunderland nayo ilipata parashuti, na iliuza golikipa Jordan Pickford kwa Everton kwa milioni 25, inayoweza kufika 30. Basi feza ilienda wapi? Club ilikuwa na madeni makubwa, na kontra zilikuwa zimeandikwa vibaya. Mushambuliaji Jermain Defoe alikuwa na kipengele cha kuondoka bure timu ikishuka, na akaondoka. Ku upande mwingine, kontra ya Jack Rodwell haikupunguza mushahara: magazeti ya Uingereza yaliandika kama alikuwa anapata karibu pauni 70.000 kila wiki, hata mu daraja la pili.

Kwa hiyo ule aliyeweza kuleta feza aliondoka bila bei, na ule wa bei kali akabaki. Club ilinunua wachezaji wa bei ndogo tu. Musimu uliisha Sunderland ikiwa ya mwisho, ikashuka tena mpaka daraja la tatu, na kukaa huko miaka 4.

Hii inatuhusu namna gani?

Timu iliyoshuka inauza wachezaji wengi, na kwa ile feza club ya kwetu inaweza kuwa na haki. Kanuni ya FIFA inasema muchezaji akiuzwa kutoka inchi moja kwenda ingine, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa club zote zilizomulea kati ya miaka 12 na 23. Kuanzia 2020, hata akiuzwa kati ya club mbili za inchi moja, club iliyomulea mu inchi ingine haisahauliwi.

Tuchukue mufano: kijana alicheza ku club ya Uvira ao Beni tangu miaka 16 mpaka anatimiza 18. Kama kisha anauzwa kwa dola milioni 10, ile club inapaswa kupata karibu dola 100.000. Akiondoka bure kama Defoe, hakuna kitu.

Na hiyo feza inafuata karatasi. Club ambayo haikumuandikisha kijana ku shirikisho, ao iliandika tarehe ya kuzaliwa ya uongo, itashindwa kuonyesha kama ilimulea, hata kama muji muzima unakumbuka akicheza pale.