Diski Ngumu, Hifadhi ya Chipu na Flashi: Maneno ya Kumwongoza Mwenye Mkusanyiko wa Michezo ya Kompyuta

Chemchem, jina la kata mojawapo ya mji wa Tabora, ni umbo jingine la neno chemchemi: mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini. Aishiye jirani na chemchemi hahitaji mtungi mkubwa, kwa kuwa maji yakimwishia huenda kuteka mengine. Mwenye mkusanyiko wa michezo ya kompyuta katika mji huohuo hana bahati hiyo. Mchezo wa gigabaiti 150 ukifutika, kuupakua upya kwa vifurushi vya simu kunaweza kugharimu zaidi ya kifaa kilichoupoteza. Kwake yeye mtungi ndio kila kitu, na kuuchagua vibaya ni kupoteza fedha na kazi ya miaka. Uchaguzi huo huanza katika maneno, kwa sababu vifaa vitatu vyenye tabia tofauti kabisa huitwa dukani kwa jina moja la diski.

Diski na santuri

Diski ni kitu bapa cha mviringo. Waliokua wakisikiliza santuri wanaufahamu mfano wake mzuri: sahani huzunguka, na mkono wenye sindano husoma kilichoandikwa juu yake. Diski ngumu hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Ndani ya kasha lake mna sahani zilizopakwa utando wa sumaku, nazo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake bila kuzigusa. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa, iliyotengenezwa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi takribani milioni 5. Leo diski inayotosha kiganjani hubeba terabaiti nzima.

Umbo hilo ndilo linaloeleza sifa na udhaifu wa kifaa. Sifa yake ni nafasi nyingi kwa bei nafuu. Udhaifu wake ni mwendo. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 na ushei, na kichwa hakina budi kusubiri mahali panapotakiwa pafike chini yake. Faili moja kubwa husomwa bila taabu, kwa sababu kichwa hutulia na sahani ikajileta yenyewe. Lakini mchezo wa kompyuta huwa na maelfu ya faili ndogo: sauti, picha, ramani na sura za wahusika. Kila moja ikimtaka mkono uhame na kusubiri, mchezaji hubaki akitazama kioo kisichosogea.

Hifadhi ya chipu

Kifaa kinachojulikana madukani kwa herufi SSD hakina sahani wala mkono. Data yake hukaa ndani ya chipu, katika vyumba vidogo mno vinavyofungia chaji ya umeme. Kukiita diski ni mazoea tu, kama vile mtu anavyosema amepiga picha ingawa hakuna kilichopigwa. Makala hii inatumia jina la wazi, hifadhi ya chipu, ili msomaji asidhani kuna kitu kinachozunguka humo. Kufikia sehemu yoyote ya hifadhi hiyo huchukua takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na hapo ndipo inapoiacha mbali diski ngumu.

Chipu za namna hiyo zilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Jina lake la Kiingereza lilitokana na namna data inavyofutwa kwa mkupuo mmoja, kama mwanga wa ghafla wa kamera. Kiswahili kimeichukua taswira hiyohiyo katika istilahi diski mweko, kutokana na kitenzi mweka, yaani kutoa mwanga wa ghafla kama wa radi. Katika mazungumzo kifaa hicho huitwa flashi.

Hifadhi ya chipu huja kwa maumbo mawili makuu. Moja ni kasha bapa la inchi 2.5 linalochomekwa mahali pa diski ngumu ya kompyuta mpakato kwa njia ya SATA. Mwendo wake hauvuki sana megabaiti 550 kwa sekunde. La pili ni kibao chembamba cha M.2, ambacho kikitumia njia ya NVMe hufikia megabaiti elfu kadhaa kwa sekunde. Kompyuta nyingi za zamani hazina mahali pa kibao hicho, na baadhi ya zilizo napo hupokea vibao vya SATA pekee. Mnunuzi athibitishe kwanza kompyuta yake inakubali kipi.

Kumbukumbu si hifadhi

Kosa la kawaida katika matangazo ya biashara ni kuandika kumbukumbu kwa mambo mawili. Kumbukumbu, kwa maana iliyo sahihi zaidi, ni RAM: mahali ambapo kompyuta huweka kinachotumika sasa, nacho hupotea umeme ukizimwa. Hifadhi ni mahali data hubaki hata kompyuta ikilala. Tangazo linaloandika “kumbukumbu 256” linazungumzia hifadhi. Linaloandika “kumbukumbu 8” linazungumzia RAM. Anayelalamika kwamba kompyuta yake ina kumbukumbu kubwa lakini mchezo haufunguki huenda amenunua nafasi, ilhali alihitaji meza ya kufanyia kazi.

Jambo jingine linalozua manung’uniko yasiyo na msingi ni kipimo. Mtengenezaji huhesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja kamili. Windows hugawanya kwa 1,024 badala ya 1,000, hivyo kifaa hichohicho huonyeshwa kuwa na gigabaiti 931. Hapo hakuna aliyeibiwa.

Kupakia, kupakua na njia ya misafara

Maneno pakia na pakua yalikuwa ya mizigo kabla ya kuwa ya kompyuta, na Tabora inayajua kwa undani. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na ulipo mji wa leo, mwezi Novemba 1857, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Hapo njia iligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Wapagazi wa pwani walitua mizigo, mizigo ikawekwa ghalani katika tembe, na wapagazi wengine wakatafutwa kwa safari iliyosalia. Hakuna mkuu wa msafara aliyeichanganya kazi ya mpagazi na kazi ya ghala. Mpagazi alisifiwa kwa mwendo, na ghala lilisifiwa kwa nafasi na usalama.

Mwenye michezo ana kazi hizohizo mbili. Kila anapofungua mchezo, kompyuta huupakia kutoka hifadhini kwenda kwenye kumbukumbu. Hapo panahitajika mwendo. Michezo ambayo haichezi mwezi huu inahitaji kutunzwa tu; hapo panahitajika nafasi. Neno moja la hifadhi hufunika kazi zote mbili, na ndiyo maana watu hununua kifaa kimoja kwa mahitaji mawili yasiyopatana.

Ukubwa wa michezo yenyewe umeifanya tofauti hiyo isiepukike. Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotolewa kwa kompyuta mwaka 2005, haikuhitaji zaidi ya gigabaiti 5. Red Dead Redemption 2, iliyotolewa kwa kompyuta mwaka 2019, huhitaji gigabaiti 150. Starfield ya mwaka 2023 haikutaja tu gigabaiti 125 katika masharti yake, bali pia ilitaka ziwe katika hifadhi ya chipu. Mchezo wa kwanza utachezeka vyema kutoka kwenye diski ngumu ya kawaida. Wa mwisho utakwamakwama.

Kwa hiyo uchaguzi unaofaa mfuko wa wengi ni wa vifaa viwili. Hifadhi ya chipu yenye nafasi ya wastani, hata gigabaiti 256 au 512, iwe ya mfumo endeshi na ya michezo miwili mitatu inayochezwa kwa sasa. Diski ngumu ya terabaiti moja au mbili iwe ghala la mkusanyiko uliobaki. Mchezo ukichosha hurudishwa ghalani, na mwingine huletwa. Programu kama Steam huruhusu kuhamisha mchezo kutoka kifaa kimoja kwenda kingine bila kuupakua upya. PlayStation 5 nayo hufuata mgawanyo huohuo: michezo yake inaweza kutunzwa katika diski ya nje, lakini haichezeki mpaka irudishwe katika hifadhi ya ndani.

Flashi ni mpagazi

Flashi hutumia chipu za jamii moja na SSD, lakini kidhibiti chake huwa duni na mwendo wake mdogo. Hesabu hueleza vizuri zaidi. Mchezo wa gigabaiti 150 ukisomwa kutoka hifadhi ya chipu kwa megabaiti 500 kwa sekunde, humalizika kwa dakika 5. Kutoka diski ngumu kwa megabaiti 100 kwa sekunde, ni dakika 25. Kutoka flashi ya USB 2.0 kwa megabaiti 30 kwa sekunde, ni dakika 83. Tena mwendo wa kunakili hufuata kifaa kilicho cha polepole kati ya viwili: SSD ya bei kubwa haiwezi kuiharakisha flashi inayoandika taratibu. Flashi ibebe mchezo kutoka nyumba hadi nyumba, kisha itue mzigo. Kuifanya ghala ni kumlaza mpagazi na mzigo kichwani.

Mtumba na chambo cha bei

Mtumba lilikuwa neno la robota la nguo, mzigo wa msafara, kabla ya wingi wake, mitumba, kuzoeleka kwa nguo zilizotumika na baadaye kwa kila kitu kilichotumika. Diski za mtumba si mbaya zote, lakini kila moja ina umri usioonekana kwa macho. Programu ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imefanya kazi na dalili za kuharibika. Inafaa ifunguliwe mbele ya muuzaji kabla fedha hazijatoka mkononi.

Hatari nyingine ni flashi na hifadhi za nje za bandia zinazojitangaza kuwa na terabaiti kadhaa kwa bei ya kushangaza. Kompyuta huonyesha ukubwa huo wa uongo, data huonekana kupokelewa, lakini iliyovuka nafasi halisi hupotea. Programu ya H2testw hujaza kifaa chote kisha hukisoma, na hivyo hufichua uongo huo. Rahisi ghali, wahenga walisema.

Ghala moja si ghala

Kila kifaa kina namna yake ya kufa. Diski ngumu ikiangushwa ikiwa inazunguka, kichwa hugusa sahani na kuikwaruza. Umeme ukikatika ghafla wakati wa kuandika, faili huweza kuharibika katika diski ngumu na katika hifadhi ya chipu vilevile. Hifadhi ya chipu iliyochoka, ikiwekwa kabatini muda mrefu bila umeme, huvujisha chaji zake. Viwango vya watengenezaji hutaka SSD ya matumizi ya kawaida, iliyofika mwisho wa kuandikwa kwake, itunze data kwa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzijoto 30. Joto likizidi, muda hupungua. Kwa kutunza kabatini, hasa katika joto la Tabora la Septemba na Oktoba, diski ngumu iliyozimwa na kulindwa dhidi ya mishtuko inafaa zaidi.

Lakini hata diski bora haitoshi ikiwa peke yake. Historia ya njia ya misafara ina somo lake. Livingstone aliporudi Ujiji mwezi Oktoba 1871, alikuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa. Alibaki hana kitu, hadi Stanley alipomfikia. Mwezi Februari mwaka uliofuata wawili hao walifika Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, ambako mizigo mingine ilikuwa imehifadhiwa. Kwa bidhaa zilizopatikana hapo, na wapagazi waliofika Agosti 1872, Livingstone aliweza kuianza safari yake ya mwisho. Ghala la pili ndilo lililomwokoa.

Katika istilahi ya kompyuta, ghala hilo la pili huitwa nakala rudufu. Si lazima mkusanyiko wote urudufiwe. Kilicho cha kwanza ni faili za hatua alizofikia mchezaji, ambazo mara nyingi ni ndogo kiasi cha kutosha katika flashi moja, na ambazo hakuna kifurushi kinachoweza kuzinunua tena. Mchezo wenyewe hupatikana popote; miezi ya kuucheza haipakuliwi.

Maneno kwa ufupi

Diski ngumu: hifadhi yenye sahani za sumaku zinazozunguka. “Michezo ya zamani imewekwa katika diski ngumu.”

Hifadhi ya chipu: hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka; SSD. “Tangu mfumo uhamishiwe kwenye hifadhi ya chipu, kompyuta huwaka upesi.”

Flashi, diski mweko: hifadhi ndogo ya kubebea data. “Aliuleta mchezo kwa flashi, akaunakili, akaondoka nayo.”

Kumbukumbu: mahali pa data inayotumika sasa, isiyobaki umeme ukizimwa. “Mchezo unataka kumbukumbu ya gigabaiti 16.”

Pakia: kuhamisha data kutoka hifadhini kwenda kwenye kumbukumbu, pia kuipeleka katika mtandao. Pakua: kuileta kutoka katika mtandao. “Aliupakua mchezo usiku kucha, lakini kuupakia kulichukua nusu dakika.”

Nakala rudufu: nakala ya pili inayotunzwa katika kifaa kingine. Nakala iliyo katika kifaa kilekile haistahili jina hilo.