Kuku Akiatamia, Usimwongezee Mayai



Huku Kaole wengi tunafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Kosa linalotupotezea vifaranga ni dogo: tunaacha kuku wengine watage kwenye kiota cha kuku anayeatamia.

Yai la kuku huatamiwa siku 21. Vifaranga wa kwanza wakishatoka, mama yao huondoka nao siku moja au mbili baadaye kutafuta chakula. Yai lililoongezwa wiki moja nyuma linaachwa lipoe, na kifaranga hai anafia ndani.

Kwa hiyo, kuku aking'ang'ania kiota na kudonoa mkono wako, mtenge penye kivuli na utulivu. Tandika nyasi kavu, nyunyiza majivu kupunguza utitiri. Chagua mayai 10 hadi 12 yasiyozidi siku 7, maana joto la pwani huyaharibu upesi. Yatie alama kwa penseli, umwekee yote pamoja jioni. Kila siku atokapo kula na kunywa, kagua: yai lisilo na alama, liondoe.

Siku ya 7 usiku, mulika kila yai kwa tochi. Lenye mishipa lina uhai. Lisilo na kitu, toa. Siku tatu za mwisho usiyaguse.

Bwana alipoulilia mji wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku anayekusanya vifaranga wake (Mt 23:37). Ukimwona kuku akikonda wiki tatu juu ya mayai, utaelewa kwa nini. Basi tusimtwishe kuliko mabawa yake yanavyoweza kufunika.