Mbung'o wa Lambwe, mbung'o wa Unguja

Ndugu zangu wa pwani, miradi tunayozinduliwa ni mingi. Mimi hujiuliza jambo moja: utepe ukishakatwa, nani huamua kwamba hatua ya kwanza imekamilika, sasa twende ya pili? Na huamua kwa kipimo gani, au kwa kuwa fedha za awamu zimeisha?

Tazameni bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay. Adui huko ni mbung'o, nzi anayewapa watu malale na ng'ombe nagana. Mwaka 1981 ndege zilipuliza dawa bondeni. Nzi walipungua sana lakini hawakwisha, na wale waliobaki vichakani wakazaana upya.

Linganisheni na majirani zetu wa Unguja. Wao walianza kwa kuwapaka ng'ombe dawa mgongoni na kutundika vitambaa vyenye dawa misituni, huku mitego ikiwaonyesha nzi wamebaki wangapi. Idadi iliposhuka, ndipo mwaka 1994 wakaanza kumwaga kwa ndege madume tasa waliofugwa Tanga na kupigwa mionzi. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu; akimpata dume tasa, hazai. Lakini hesabu hiyo yataka madume tasa wawazidi kwa mbali wale wa mwituni. Ukiwamwaga mapema, kazi na pesa zimekwenda na upepo. Mbung'o wa mwisho alinaswa 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Mtaniambia Unguja imezungukwa na bahari, nzi hawana pa kuingilia. Kweli, na Lambwe hawana ukuta huo; wana mbuga ya Ruma katikati, yenye wanyama wa kuwalisha nzi. Ndiyo maana huko kazi imekuwa ya mitego, vitambaa vyenye dawa na kutibu mifugo, mwaka baada ya mwaka.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale si tatizo tena la afya ya umma Kenya. Pongezi kwao. Ila nzi bado wapo, na hatua iliyobaki, ya ulinzi, haina utepe wa kukata. Vitambaa hupauka kwa jua, dawa huisha nguvu, na lazima mtu aende kuvibadilisha hata mwaka ambao hakuna mgonjwa hata mmoja.